Kushiriki na Kushirikishwa: Nani Anamsemea Mvuvi Mdogo wa Unguja na Pemba?

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho ofisi hukipenda kuliko pwani: kushirikishwa. Kimo katika kila ripoti ya hifadhi na kila hotuba ya uzinduzi wa mradi. "Wananchi wameshirikishwa." Ukikichambua kama tulivyofundishwa skuli, ni kauli ya kutendwa iliyopanda juu ya kauli ya kutendesha. Yupo aliyeamua kukushirikisha, akachagua siku, pahala na jambo la kuzungumzwa, na wewe ukafanyiwa. Anayeshiriki hamhitaji mtu huyo. Yumo kwa haki yake.

Naanza na sarufi kwa sababu mjadala mzima wa usimamizi wa uvuvi Zanzibar umejificha humo. Kuanzia wizarani hadi kwenye mashirika, hakuna anayesimama hadharani kupinga kwamba wavuvi wadogo wawe na sauti katika mambo ya bahari. Ubishi uko kwenye yale ambayo aghalabu hayatajwi: nani anahesabiwa kuwa mvuvi, nani anamsemea, kwa idhini ya nani, na akishasema linabadilika nini.

Mkutano wa saa nne

Miaka michache iliyopita nilialikwa kusikiliza mkutano wa wavuvi katika skuli ya kijiji kimoja cha Pemba. Kijiji sikitaji, wala waliouitisha siwataji. Ulikuwa saa nne asubuhi, na mada ilikuwa kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Darasa lilijaa: wazee, vijana wa mbizi, maofisa wawili, na nyuma kabisa wanawake wanne, wawili wamepakata watoto. Karatasi ya mahudhurio ikazunguka. Picha zikapigwa.

Nikatoka nje kupunga upepo. Pwani ilikuwa imekauka mpaka mwambani, na huko mbali niliona vidoadoa vya rangi, kanga zimefungwa viunoni. Walikuwa wanawake wa kijiji hicho hicho, si chini ya thelathini, wameinama wanatafuta pweza.

Ilikuwa bamvua. Aliyezaliwa pwani hahitaji kuelezwa, lakini kwa faida ya wengine: katika visiwa vyetu maji ya bamvua hupwa hadi mwisho karibu saa nne, asubuhi na usiku, katika siku zinazofuata mwezi kuandama na zinazofuata mwezi mpevu. Hizo ndizo siku ambazo mwamba unajitokeza na mtu anaweza kuufikia kwa miguu. Ikifika siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, na tena siku ya ishirini na mbili, ni maji mafu. Hayajai sana, hayapwi sana, na anayetegemea miguu yake hana la kufanya huko. Aliyepanga ule mkutano alitazama kalenda ya ukutani, hakuitazama ya mwezini. Kwa hiyo watu waliokuwa wanajadiliwa walikuwa kazini, na ripoti ikaandika, bila kusema uongo hata neno moja, kwamba jamii ilishirikishwa.

Mvuvi wa dagaa naye ana saa zake. Anavua usiku kwa taa, analala asubuhi, na mwezi ukiwa mpevu hana haja ya kutoka kwa kuwa dagaa hawajikusanyi penye taa yake. Vijiji vingi havitoki baharini Ijumaa mpaka sala ipite, na vingine havitoki kabisa siku hiyo. Kwa maneno mengine, pwani tayari ina ratiba, na ina siku zake tupu. Mkutano wa jioni katika siku za maji mafu ungewapata watu ambao mkutano wa saa nne wa bamvua hauwapati abadan. Sijui kwa nini jambo rahisi kama hili halimo katika maelekezo ya kila mradi. Halina gharama hata senti.

Mvuvi ni nani hasa

Sensa ya uvuvi ya Zanzibar ya 2016 ilihesabu wavuvi karibu 49,000. Visiwa hivi vilikuwa na watu 1,889,773 katika sensa ya watu ya 2022, na ukiweka mke, watoto, tajiri wa chombo, fundi wa mashua, mchuuzi wa baiskeli na muuza barafu nyuma ya kila mvuvi, unaona kwamba ni nyumba chache za shamba ambazo hazina mguu mmoja majini. Karibu wote ni wavuvi wadogo: ngalawa, mitumbwi, madau, mashua, siku hizi na boti za faiba, mishipi, madema, nyavu, mbizi.

Hapo bado hatujamfikia yule wa miguu. Tusikilize tena lugha. Mwanamme akiondoka na ngalawa husema "naenda kuvua" au "naenda baharini". Mwanamke akichukua ndoo na kijiti chake husema "naenda pwani". Atarudi na pweza, chaza, tondoo, pengine uduvi aliowatanda na wenzake kwa kitambaa, na kitoweo cha siku kimepatikana. Ukimuuliza kama yeye ni mvuvi, wengi watacheka. Bwana diko, ambaye kazi yake ni kuandika samaki wanaoshushwa dikoni, pale vyombo vinapotua, hamwandiki kwa sababu hashukii dikoni. Pweza wake humchukua mnunuzi pale pale mchangani, na tondoo huingia chunguni moja kwa moja. Takwimu zinazokwenda wizarani zinajengwa juu ya daftari la diko, kwa hiyo anayepita kando ya daftari anapita pia kando ya mpango.

Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zilipitisha miongozo ya hiari kuhusu uvuvi mdogo, ya kwanza duniani kushughulikia uvuvi huo peke yake. Kwa maoni yangu jambo lake kubwa ni namna ilivyoupanua mlango. Inahesabu mnyororo mzima, kabla ya kuvua na baada ya kuvua, kwa hiyo anayeanika dagaa Mangapwani na anayekaanga samaki jioni ni watu wa uvuvi sawa na nahodha, na wana haki ya kusikilizwa sawa naye. Ni miongozo ya hiari, haimfungi mtu. Lakini inampa mwanamke wa ndoo hoja ya kuingia nayo mkutanoni.

Hata ukibaki kwa wanaume peke yao, "wavuvi" si kundi moja. Ghuba ya Chwaka inatosha kutufundisha. Watu wa Marumbi ni watu wa madema, ile mitego ya kusuka. Wanayazamisha kwenye majani ya bahari, wanayaacha, wanarudi kuyainua. Upande wa Chwaka walikuwepo wa nyavu za kukokota, na nyavu inayokokotwa chini haichagui. Inapita na majani, na samaki wachanga, na dema la mtu. Ugomvi wao ulikuwa mkali kwa miaka mingi, na haukuwa wa maneno tu. Sasa mtu akiinuka mkutanoni akasema "mimi nawakilisha wavuvi wa Ghuba ya Chwaka", suala la kumuuliza ni kama ni wale wa dema au wale wa nyavu. Kamati inayochaguliwa kwa wingi wa mikono tu itakuwa mali ya zana yenye watu wengi, na mara nyingi zana yenye watu wengi ni ile inayohitaji mabaharia ishirini kuivuta. Wa dema huwa peke yake na mtumbwi wake, au na mwanawe. Ningependa kuona viti vya kamati vinagawiwa kwa zana: kiti cha dema, cha mshipi, cha nyavu, cha mbizi, cha wanaokwenda pwani kwa miguu, cha wachuuzi. Kisha kila kundi lijichagulie mtu wake.

Bado kuna dago. Watu wa Kojani, Pemba, kwa mfano, wanajulikana mwambao mzima kwa kuhama na samaki. Kaskazi ikivuma wapo huku, kusi ikiingia wapo kule, miezi wanaishi kambini katika fukwe za wenzao. Kamati zetu zimefungwa kwenye shehia, eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, na shehia ina mpaka. Mvuvi wa dago akiwa kwao hayupo, na akiwa dagoni ni mgeni. Anatakiwa aje na barua ya sheha wake, alipe anachotakiwa, afuate masharti aliyoyakuta. Masharti hayo hakuulizwa yalipotungwa. Wenyeji nao wana hoja: mgeni anavua anaondoka, shida inabaki kwao. Siijui dawa ya jambo hili iliyo rahisi, ila najua kuwa kanuni ikitungwa bila ya wa dago huvunjwa na wa dago kabla ya mwengine yeyote.

Wakili wa nani

Neno "kuwakilisha" limetoka kwa wakili, na wakili tunamjua vizuri hata tusiopanda mahakamani. Baba asiyeweza kuhudhuria ndoa ya binti yake humwambia shekhe: nimekuwakilisha uniozeshee mwanangu fulani kwa fulani, kwa mahari kadha. Tazama yaliyomo katika sentensi ile. Mwenye haki ndiye aliyeteua. Alichotumwa kimetajwa, mpaka mume na mahari. Shekhe akimwozesha mtu mwengine, au akipunguza mahari kwa rai yake, amevuka alichokabidhiwa. Na hakuna baba ambaye hatataka kujua mambo yalikwendaje.

Sasa ipime kamati ya wavuvi ya shehia kwa kipimo hicho.

Kamati hizi ndizo nguzo ya kile kinachoitwa usimamizi shirikishi. Uvuvi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Uvuvi, Namba 7 ya 2010, na kamati za vijiji, baadaye za shehia, zilienea zaidi wakati wa MACEMP, mradi wa mazingira ya bahari na pwani uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia kuanzia 2005. Bara na Kenya wana vikundi vya ufukweni vinavyofanana nazo. Wazo ni zuri: watu wa pahala wapendekeze kanuni, walinde eneo lao, wasaidiane na maofisa kuzuia nyavu haribifu za juya na kigumi, na sumu ya utupa.

Nani anateua? Kwa desturi ni mkutano wa kijiji. Lakini mkutano huitishwa kupitia kwa sheha, na sheha hachaguliwi na wanakijiji, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Sisemi masheha ni watu wabaya. Ninao jamaa zangu masheha, na wapo ambao bila wao kamati isingekaa hata siku moja. Nasema mkono wa serikali upo chumbani tangu mwanzo. Na Pemba tusidanganyane: jina linapotajwa kwa ajili ya kamati yoyote, iwe ya maji, ya skuli au ya samaki, kuna watu ukumbini wanaohesabu kimoyomoyo ni la chama gani. Mvuvi hodari anaweza kukosa kiti kwa sababu isiyohusiana na bahari, na asiyejua kufunga mshipi akakipata.

Katumwa nini? Hapa ndipo kamati nyingi zinapopwaya. Mjumbe anaitwa mjini kwenye warsha, anapewa waraka ambao aghalabu uliandikwa kwanza kwa Kiingereza na mtaalamu wa kukodiwa, anaulizwa maoni papo kwa papo. Hana alichotumwa kwa sababu waliomchagua hawakujua anakwenda kuulizwa nini. Anajibu kwa akili yake. Halafu jibu lake linaandikwa kuwa ni jibu la shehia.

Na akirudi? Anarudi na begi la warsha na posho yake, na kijiji kinajua kiasi cha posho kuliko kinavyojua kilichozungumzwa. Nimesikia dikoni watu wakiwaita wajumbe wao "watu wa semina", na halikuwa jina la heshima. Tusiwalaumu wajumbe peke yao. Siku ya warsha ni siku ambayo hakuvua; bila posho angekwenda kwa hasara, na maskini zaidi asingekwenda kabisa. Lakini anayelipa posho ndiye mwajiri, hata kama hakukusudia, na mjumbe taratibu huanza kutazama kule inakotoka. Mradi ukifunga kitabu, posho hukatika, na kamati nayo inalala. Ukija mradi mwengine, inaamshwa au inaundwa upya, watu wale wale, muhuri mpya.

Misali, kabla neno halijawa la ofisi

Ipo hadithi moja ya Pemba ambayo siachi kuirudia kila suala hili linapozuka. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, hakina kijiji, lakini wavuvi wa vijiji vingi vya upande ule wamekitegemea tangu na tangu, kwa kuvua na kwa dago. Wazee wanasema jina lake limetokana na Nabii Hadhara, aliyefika akataka mswala wa kusalia. Wenyeji hawakuwa nao. Akasema basi, kisiwa hiki ni mithili ya mswala, kwa namna kilivyoelekea kibla.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kukawa na mpango wa kukijengea hoteli. Wavuvi wakakataa, wakaungwa mkono na watu wa mazingira, na mpango ukafa. Mwaka 1998 kikawa eneo la hifadhi, na ikaundwa jumuiya ya wavuvi wenyewe ya kukisimamia kwa pamoja na serikali. Sehemu ndogo ilifungwa kabisa kwa uvuvi, sehemu kubwa ikabaki wazi. Baadaye mashekhe waliingizwa katika kazi, wakazungumza misikitini kuhusu amana na ukhalifa wa mwanadamu juu ya viumbe, na wengi waliokuwa hawaelewi lugha ya "bioanuwai" walielewa hiyo bila mkalimani.

Mimi sivutiwi sana na mafanikio ya hifadhi hiyo, ambayo yamepanda na kushuka kama hifadhi yoyote. Kinachonivuta ni utaratibu wa mambo. Wavuvi walianza kwa kukataa jambo, na kukataa kwao kukafua dafu. Hifadhi ikaja baada ya hapo. Kwa hiyo walipokaa mezani walikaa kama watu ambao tayari wamewahi kusema hapana ikasikika. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa ndani ya eneo kubwa zaidi, Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, PECCA, na meza ikawa ndefu, wenye viti wakaongezeka. Ukubwa una faida zake, lakini mtu wa ngalawa anajua kwamba chombo kikiwa kikubwa, wa tezi hasikii anachosema wa omo.

Mzigo na mizani

Kipimo kingine cha kutofautisha kushiriki na kushirikishwa ni kuuliza watu wamepewa sehemu gani ya kazi. Katika hifadhi zetu, Menai tangu 1997, Mnemba tangu 2002, Mkondo wa Pemba, wanakamati wamepewa kwa ukarimu sana sehemu ya doria. Usiku wanatoka, mafuta ya mashine mara yapo mara hayapo, wanamkuta mtu na nyavu ya haramu, na wakimulika taa wanaona ni mtoto wa shangazi. Kesho yake wanakutana naye arusini. Hii ni kazi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na ya maofisa uvuvi wanaolipwa mshahara, ila wao hawatoshi, kwa hiyo kijiji kinajazia.

Upande wa fedha mambo ni tofauti. Watalii wanaozamia Mnemba au kufuata pomboo wa Kizimkazi hulipa ada ya hifadhi. Kiasi gani kimekusanywa mwezi huu, kimegawiwa vipi, cha vijiji kimekwenda wapi? Hayo ndiyo masuala ambayo ukikaa dikoni dakika kumi utayasikia, na anayeweza kuyajibu aghalabu hayupo dikoni. Ubao mmoja wa chaki penye mnada, wenye hesabu ya mwezi, ungejenga imani kuliko warsha tatu. Nimewahi kumwambia ofisa mmoja hivyo. Akacheka, akasema ubao utaleta fitina. Huenda. Ila fitina ya sasa haina hata ubao wa kuisahihisha.

Uamuzi mwengine hauji kabisa kwenye meza ya uvuvi. Tangu 2020 tuna Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na jina lenyewe limeutanguliza uchumi wa buluu mbele ya uvuvi. Uchumi huo una hoteli, bandari, mafuta na gesi, na visiwa vidogo kadhaa vilivyokodishwa kwa wawekezaji. Kisiwa kidogo ambacho katika ramani kinaonekana kitupu ni pahala pa kujikinga na kusi, pa kuanika nyavu, pa dago. Mvuvi anayo kamati ya kuzungumzia ukubwa wa tundu la nyavu. Ufukwe wake unapokodishwa, mazungumzo hufanyika kwenye ofisi za uwekezaji, na huko hana kiti. Mtu anaweza kuwa na uwakilishi kamili katika jambo dogo na asiwe nao kabisa katika jambo linaloliamua hilo dogo.

Na nje zaidi? Jodari anayepita Mkondo wa Pemba hajui mpaka. Uvuvi wa bahari kuu unasimamiwa kwa pamoja na pande mbili za Muungano kupitia mamlaka yenye makao yake Fumba, na kanuni za jodari za bahari nzima zinajadiliwa na tume ya jodari wa Bahari ya Hindi yenye makao Seychelles, ambayo Tanzania ni mwanachama tangu 2007. Neno la mvuvi wa mshipi wa Mkoani, Pemba, likitaka kufika huko linapitia kamati, sheha, wilaya, wizara, mamlaka, ujumbe wa taifa. Mzee mmoja aliniambia neno lake likifika huko "litakuwa limeshakuwa supu, nyama imeliwa njiani". Njia ni kuwa na chama cha wavuvi wadogo cha visiwa vyote viwili, kinachojilipia chenyewe kwa michango midogo ya mnada, kinachoweza kukaa katika ujumbe huo kwa jina lake. Vyama vya ushirika vipo vingi, lakini vingi viliundwa kupokea kitu: boti, mashine, mkopo. Chama kilichoundwa kupokea hakijazoea kudai.

Haya yote hayana maana kwamba kila linalosemwa na wavuvi ni sahihi. Wapo watakaopiga kura ya kuendelea na juya mpaka siku samaki wa mwisho atakapotolewa, na serikali inapaswa kuwaambia hapana. Hapana hiyo ielezwe na isainiwe na mtu mwenye jina, isije imevaa nguo ya "wananchi waliamua".

Upande gani

Turudi kwa pweza, maana ni mfano ambao kila kitu kimo ndani yake. Pweza wa mwamba anaishi karibu mwaka, pengine na miezi michache, na anakua kwa kasi ya ajabu. Ukimwacha miezi mitatu tu anakuwa mnyama mwengine. Andavadoaka, huko Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004, na matokeo yakawavuta wengine wa Bahari ya Hindi. Kwetu, Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kujaribu, wakisaidiwa na mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao, na Kizimkazi nako pamefanywa. Ni usimamizi ambao mtu anauona kwa macho yake. Unafunga, unangoja, unafungua, unapima.

Lakini mwamba una pande mbili. Kuna juu, panapokauka bamvua likipwa, na huko ndiko wanawake wanakofika kwa miguu. Kuna ukingoni na chini, panapotaka miwani na pumzi, na huko ni kwa vijana wa mbizi. Ukifunga juu peke yake, gharama ya kungoja inabebwa na wanawake, na pweza waliokua wakiteremka kina kirefu wanavunwa na wanaume. Ukifunga chini, ni kinyume chake. Ukifunga kote, swali linakuwa nani ana akiba ya kukaa miezi mitatu. Na siku ya kufungua, wenye miwani, boti na jamaa kutoka vijiji vya jirani wanafika kabla ya maji kupwa, wakati mwenye miguu bado anangoja mwamba uonekane.

Katika ule mkutano wa saa nne, ramani ilibandikwa ubaoni na mstari ukachorwa. Majadiliano yalikuwa marefu na ya adabu. Walizungumzia miezi, faini, walinzi, boya za kuonyesha mpaka. Mstari wenyewe haukugombewa.

Jioni, maji yamejaa, nilikaa kwenye baraza la duka nikamwona bibi mmoja akipita na ndoo, ametoka kwenye maji ya asubuhi na bado hajapumzika. Nikamwamkia, tukasalimiana mpaka tukamaliza, nikamuuliza kama amesikia habari za kufungwa mwamba.

"Nimesikia, mwanangu. Wanaume wamesema."

"Na ungekuwepo, Bi Mkubwa, ungewaambiaje?"

Akaishusha ndoo. Ndani mlikuwa na pweza watatu, mdogo wao hazidi kiganja.

"Nisingewaambia kitu. Ningewauliza wanafunga upande gani."